Kazi Isiyoandikwa Haivuki Mpaka

Wahandisi vijana wanaokuja ofisini kuniaga huanza na habari za viza, wakaja kwenye nyumba watakayofikia, kisha mshahara. Habari ya usajili huja mwisho, tena mpaka niikumbushe mimi. Nikiwauliza bodi ya huko waendako inataka nini, wengi hunijibu, "Mama, tukishafika tutajua."

Mimi ni mhandisi wa miundo hapa Dar es Salaam. Nimekuwa kwenye daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa zaidi ya miaka 20, na vijana wengi wamepita mikononi mwangu katika mafunzo yao ya vitendo. Barua pepe za kunitaka nithibitishe kazi zao hunijia kutoka Ontario, Doha, Muscat na Kigali. Ninaandika kama mtu anayeketi upande wa pili wa fomu, yule anayeulizwa: huyu anayesema alifanya kazi hii, ni kweli aliifanya?

Kutoka upande huo nimeona jambo moja wazi. Usajili wa mhandisi anayehama hauanzii Toronto wala Riyadh. Unaanzia saiti, Kibaha au Chato, siku ile anapoandika alichokifanya kwa mkono wake, au anapoacha kukiandika. Na tunapowalaumu wageni kwa kuwanyanyasa vijana wetu, tuanze kwanza na sisi wakubwa wao wa kazi, waajiri wao na vyuo vilivyowasomesha. Sehemu kubwa ya mlango wa usajili wa huko tumeifunga wenyewe.

Nianze na Kanada, maana ndiko vijana wengi wanaoniaga wanakoelekea. Kutoelewana kwa kwanza hutokea kabla ya safari. Anayeomba uhamiaji wa wataalamu hutakiwa kupeleka shahada yake kwenye taasisi ya tathmini, na majibu yakirudi yanasema shahada yake ni sawa na shahada ya Kanada. Karatasi hiyo humfurahisha, na ana haki ya kufurahi. Lakini ni karatasi ya uhamiaji, haimpi leseni ya kazi. Leseni ya uhandisi kule hutolewa na kila jimbo kwa sheria yake: Ontario wana Professional Engineers Ontario, Alberta wana APEGA, British Columbia wana chombo chao. Kabla hujapata zile herufi za P.Eng., unaweza kufanya kazi chini ya mwenye leseni, ila huwezi kuubeba mradi kwa saini yako wala kujitangaza kwa umma kuwa mhandisi. Kwa mtu aliyezoea kuitwa "Mhandisi" na kila mtu, kuanzia mlinzi wa geti mpaka mkuu wa wilaya, hilo peke yake ni pigo zito.

Kijana mmoja niliyemlea kikazi alipata pigo hilo. Ni mtu makini, mwenye hesabu safi. Hapa nyumbani alibuni na kusimamia tangi la maji la zege katika mradi wa mkoani Singida, tangi ambalo mpaka leo halivuji. Alipofika Ontario na kufungua faili lake la usajili, aliombwa aonyeshe alichofanya katika mradi ule. Alikuwa na picha nyingi kwenye simu, amevaa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya machungwa, tangi likiwa nyuma yake. Hakuwa na ukurasa hata mmoja wa hesabu zake. Kompyuta aliyofanyia kazi ilikuwa ya kampuni na aliirudisha siku ya kuondoka. Kampuni yenyewe sasa imefungwa. Anafanya kazi ya zamu kwenye ghala la mizigo huku akikusanya kipande kimoja kimoja cha maisha yake ya kazi kutoka kwa watu walioko umbali wa bahari mbili.

Mwaka 2023 bodi ya Ontario iliondoa sharti lililowaumiza wahamiaji kwa muda mrefu, la kuwa na walau mwaka mmoja wa uzoefu wa kazi ndani ya Kanada. Miezi 48 ya uzoefu bado inatakiwa, ila sasa inaweza kuwa ya nchi yoyote. Nilifurahi sana niliposoma habari ile. Sharti lile lilikuwa duara la mateso: huajiriwi kwa kuwa huna leseni, na leseni hupewi kwa kuwa hujaajiriwa. Lakini wengi walioshangilia hawakuuliza ni nini kimekuja mahali pake. Kimekuja kipimo cha umahiri chenye vipengele 34 katika makundi saba. Katika kila kipengele mwombaji huandika mfano wa kazi yake mwenyewe: hali ilikuwaje, yeye alichukua hatua gani, matokeo yakawa nini. Kisha mtu aliyemwona akifanya kazi hiyo anatakiwa kuthibitisha. Hapo sijataja mitihani ya ufundi ambayo wenye shahada za nje hupangiwa, wala mtihani wa sheria na maadili ya taaluma wenye maswali 110 ndani ya saa mbili na nusu.

Kwa hiyo miaka ya Singida, Rufiji na Kigamboni sasa inahesabika, kwa sharti kwamba imeandikwa. Napenda msomaji aone kwa macho yake tofauti ninayoisema. Hivi ndivyo vijana wengi wanavyoandika wakiwa wanajaza fomu kwa kumbukumbu ya kichwani:

"Nilishiriki katika usimamizi wa jengo la ghorofa nne na kuhakikisha ubora wa zege."

Na hivi ndivyo anavyoandika mwenye daftari:

"Siku ya kumwaga slabu ya ghorofa ya pili, slampu ya lori la tatu ilisoma milimita 180, wakati maelezo ya mradi yanataka kati ya 75 na 125. Nilimuuliza dereva, akasema aliongeza maji kwa sababu alikaa kwenye foleni Ubungo. Nililikataa lori, nikaandika maagizo ya saiti kwa mkandarasi, nikaamuru kila lori linalofuata lipimwe kabla ya kumwaga na kyubu zichukuliwe kwa kila lori. Matokeo ya maabara ya siku 28 yalikuwa juu ya nguvu iliyotakiwa."

Mtathmini aliyeko Toronto haijui Ubungo. Lakini anajua vizuri maji yaliyoongezwa kwenye zege yanafanya nini, na anajua inahitaji mtu wa namna gani kulirudisha lori lililojaa wakati mkandarasi anafoka na jua linawaka. Maandishi ya kwanza yanaweza kuwa ya mtu yeyote aliyewahi kupita kwenye saiti. Ya pili ni ya mhandisi.

Malezi yetu yana mkono katika hili. Tumefundishwa kusema "tulijenga", "tulisimamia", maana mtu anayejitaja mno huonekana hana adabu. Hiyo ni tabia njema mezani na msibani. Kwenye faili la usajili inamficha mtu. Timu haipewi leseni. Mtathmini anataka kujua nani alipiga hesabu ya nguzo, nani aliona nyufa, nani alisema kazi isimame. Vijana wa kike ninaowasimamia huumia zaidi kwa hili, kwa sababu wengi wao walifanya uamuzi mgumu wa kitaalamu na mikutanoni ukasemwa na mtu mwingine. Mimi huwaambia waandike jioni ileile, kabla hawajalala, wasije wakaanza kuamini kwamba haukuwa wao.

Zipo sauti zinazosema masharti haya ni ukuta tu wa kumzuia Mwafrika. Siwezi kukana kwamba kuna ubaguzi katika soko la ajira la nchi nyingi. Ila chimbuko la usajili wenyewe ni vifo. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec, lililokuwa linajengwa juu ya mto Saint Lawrence, lilianguka na kuua wafanyakazi 75, wakiwamo 33 wa jamii ya Wamohawk wa Kahnawake. Urefu wa sehemu yake ya kati ulikuwa umeongezwa kutoka futi 1,600 hadi 1,800 bila uzito wa daraja kukokotolewa upya ipasavyo. Mhandisi kijana aliyekuwa saiti, Norman McLure, alipima kipande kimoja cha chuma kilichokuwa kimepinda inchi robo tatu. Baadaye kilikuwa kimepinda inchi mbili na robo. Aliandika. Alisafiri mpaka New York kumwona mhandisi mshauri, Theodore Cooper, na Cooper akatuma simu ya maandishi kwamba mzigo usiongezwe. Aliituma kwenye ofisi za kampuni huko Pennsylvania, na saiti haikufika kwa wakati. Jioni ile daraja likaenda majini.

Nimewasimulia vijana wangu kisa hiki mara nyingi, na kila mara naona wanasikia kitu kile ninachotaka wasikie: vipimo vilikuwepo kwenye daftari, lakini pale saiti hapakuwa na mhandisi mwenye mamlaka na wajibu wa kusema simama. Usajili unamtengeneza mtu huyo. Unampa jina na namba kwenye daftari la Bodi, na chombo kinachoweza kumwita ajieleze. Wahandisi wa Kanada wanaohitimu huvaa pete ya chuma kwenye kidole kidogo cha mkono wanaofanyia kazi, desturi iliyoanza 1925. Sisi Tanzania tuna kiapo chetu, tunachokula mbele ya wenzetu Siku ya Wahandisi. Na tuna makaburi yetu pia. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilianguka mtaa wa Indira Gandhi hapa mjini na kuua watu 36. Tangu hapo sijamsikiliza mtu anayeniambia kwamba kuuliza, "Nani alisimamia?" ni usumbufu.

Isitoshe, nasi tunauliza. Mhandisi wa kigeni anayekuja kufanya kazi Tanzania anatakiwa asajiliwe kwa muda na ERB kabla hajagusa kazi. Tunataka vyeti vyake, tunataka uthibitisho wa bodi ya kwao, na tunafanya vizuri. Hatuwezi kulalamika wakituuliza hayohayo.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Miaka kumi iliyopita nchi hii imekuwa shule kubwa ya uhandisi. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilijengwa na kampuni za Misri. Reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma ilijengwa na Waturuki wa Yapı Merkezi. Daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria, lenye urefu wa kilomita tatu, lilijengwa na Wachina. Katika miradi hiyo walikuwepo vijana wetu, wamesimama kwenye kingo za bwawa usiku wa manane wakipima joto la zege, wamelala kwenye kambi porini. Uzoefu walionao, wahandisi wengi wa Ulaya hawataupata maisha yao yote.

Lakini waliowasimamia walikuwa wageni, na mradi ukiisha mgeni hurudi kwao. Anuani yake ya barua pepe ya mradi hufungwa. Namba yake ya Tanzania huzimwa. Kontena la nyaraka hupakiwa. Miaka mitatu baadaye kijana anatakiwa aonyeshe nani aliona kazi yake, naye anabaki na jina moja la Kituruki asilojua hata namna ya kuliandika. Kwa hiyo nawaambia walioko saiti leo: msingoje siku ya kuagana. Kila awamu ikiisha, andika kurasa mbili za ulichofanya, mpelekee msimamizi wako azisome na azitie saini, chukua barua pepe yake binafsi na namba yake ya usajili ya nchini kwake. Omba kwa maandishi ruhusa ya kutunza nakala za hesabu zako, kwa sababu michoro ni mali ya kampuni na mteja, na kuondoka nayo kimyakimya ni kosa la kitaaluma ambalo linaweza kukufukuza kwenye taaluma hiyohiyo unayoiombea leseni. Kampuni nyingi hukubali ukiomba kwa utaratibu, ukafuta jina la mteja na bei.

Hilo la wageni tunaweza kusema halimo mikononi mwetu sana. Lililomo mikononi mwetu kabisa ni la sisi wenyewe wahandisi waandamizi. ERB ina mpango wa mafunzo kwa wahitimu, SEAP, ulioanza 2003, ambamo kijana hufanya kazi kwa miaka mitatu chini ya msimamizi, akiandika ripoti ambazo msimamizi anazipitia na kuzitia saini. Ni mpango mzuri kuliko watu wanavyojua. Kijana aliyeupitia kwa uaminifu ana karibu kila kitu ambacho bodi ya kigeni itamuuliza. Lakini nimeona ripoti zilizosainiwa mafungu kwa mafungu, zote kwa kalamu moja, siku moja, na mtu ambaye hakufungua hata ukurasa wa pili. Nimeona pia kinyume chake: ripoti iliyokaa mezani kwa bosi mpaka mvua za masika zikapita, kijana anaona haya kukumbusha, anasalimia mlangoni kila asubuhi na kuondoka.

Saini ya namna ya kwanza inamwangusha kijana baadaye. Bodi ya kigeni inaponiuliza kuhusu mtu, haiulizi kama ni mchapakazi na mtu wa watu. Inataka niseme kiwango chake katika kila kipengele na nieleze niliona nini. Msimamizi aliyesaini bila kusoma hujibu kwa sifa: kijana mzuri, ana nidhamu, tunampendekeza. Barua hiyo haina uzito wowote. Na namna ya pili, ya kutojibu kabisa, ni mbaya zaidi. Faili la mtu hukaa wazi likimngoja mthibitishaji mmoja ambaye ameiona barua pepe, akasema ataijibu kesho, ikazama chini ya nyingine mia. Kwake ni uzembe wa dakika arobaini. Kwa yule kijana ni mwaka mwingine ghalani.

Nawasihi wenzangu. Tunapofika umri huu tunapenda kualikwa kwenye makongamano na kukaa viti vya mbele. Kuandika kurasa mbili za ukweli kuhusu kazi ya kijana uliyemfundisha ni kazi ya kihandisi kama kukagua nondo kabla ya zege. Tenga saa moja ya Ijumaa. Kama kijana hakufanya kazi anayodai, sema hivyo, maana saini yako inalindwa na ukweli huo. Kama aliifanya, usimwache peke yake.

Upande wa Ghuba mambo yana sura nyingine. Saudi Arabia mhandisi wa kigeni hana budi kusajiliwa na Saudi Council of Engineers, na usajili huo umefungwa na iqama yake, kile kibali cha ukaazi. Usajili ukilegalega, ukaazi nao unalegalega. Qatar kuna mtihani wa kuidhinishwa. Oman, ambako wengi wetu wa pwani na Visiwani tuna ndugu na tunadhani undugu utatufungulia njia, vyeti vinatakiwa vipitie mihuri ya wizara na ubalozi kama kwa mtu mwingine yeyote. Jina likisomeka tofauti kwenye cheti cha chuo na kwenye pasipoti, maombi yote yanarudi nyuma. Wanawake walioolewa wakabadili jina wanalijua hili kwa uchungu. Hati ya kubadili jina itengenezwe hapa, kabla ya safari.

Kisa cha Kuwait mwaka 2018 kilinishtua kuliko vyote. Nchi ile iliamua kwamba kibali cha ukaazi cha mhandisi wa kigeni hakitafanywa upya bila idhini ya Kuwait Society of Engineers, na kwa Wahindi idhini hiyo ikategemea kama kozi aliyosoma mtu ilikuwa na ithibati ya chombo cha kwao kiitwacho NBA. Maelfu waliokuwa kazini kwa miaka wakajikuta mashakani. Walikuwemo hata wahitimu wa IIT, vyuo vinavyoheshimiwa dunia nzima, kwa sababu vyuo hivyo havikuwa vimeona haja ya kuomba ithibati ile. Mtu hakuwa amefanya kosa lolote. Chuo chake hakikuwa kimefanya jambo moja la karatasi miaka ya nyuma, na yeye ndiye aliyelipa.

Ndiyo sababu nasema kwa sauti kuhusu Mkataba wa Washington. Ulitiwa saini 1989 na Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia na New Zealand, kwamba kila nchi itatambua kozi za uhandisi zilizopewa ithibati na mwenzake. Afrika Kusini iliingia 1999. Tanzania haimo kwenye orodha ya wenye saini kamili. Utambuzi wa mkataba huo huanzia mwaka nchi inapojiunga, haurudi nyuma. Kila mwaka tunaochelewa, darasa zima la wahitimu wa Mlimani, wa DIT, wa Mbeya, linatoka likiwa nje ya utambuzi huo maisha yao yote. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1973. Zaidi ya nusu karne ya kufundisha uhandisi inastahili kutambuliwa kwa mlango wa mbele. Wizara, ERB na vyuo wakae pamoja, watuambie wamefika wapi na wanahitaji nini.

Wakati tukingoja hilo, kuna dogo linaloweza kufanyika muhula huu. Bodi nyingi za nje, zikikuta shahada isiyo ndani ya mkataba, hudai maelezo ya kila somo la miaka minne: mada, saa za darasa, vitabu, maabara. Tena ya mwaka uleule uliosoma, si ya mtaala mpya. Nimemwona mama wa makamo, mhandisi wa mitambo, akihangaika kwenye korido za chuo kimoja akitafuta muhtasari wa masomo ya miaka ya tisini, akielekezwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine mpaka kwa mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na nakala nyumbani kwake. Mitaala yote ya zamani ichapwe kwenye kompyuta, igongwe muhuri, mhitimu aombe na kulipia kwa simu yake. Hakuna chuo kitakachofilisika kwa hilo.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nawarahisishia vijana kuondoka wakati nchi inawahitaji. Swali hilo ni halali na silipuuzi. Ila vijana wanaondoka, na wataendelea kuondoka. Tunachoweza kuchagua ni kama atakayefika kule atakuwa mhandisi au atakuwa mpakia mizigo aliyewahi kuwa mhandisi. Wa kwanza hurudi na kitu: kanuni mpya za kubuni, mtandao wa wataalamu, siku nyingine kampuni kabisa. Wa pili hupoteza ufundi mwaka hadi mwaka, tukamkosa sisi na wakamkosa wao.

Na "abroad" ya wengi haitakuwa Kanada. Itakuwa Kampala, Kigali, Nairobi. Mwaka 2012 bodi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini makubaliano ya kutambuana, Rwanda ikajiunga baadaye. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, linapita nchi mbili, na mhandisi aliye hai kwenye daftari la bodi ya kwao anaweza kuomba usajili upande wa pili bila kuanza alifu. Lakini makubaliano yale yanamtazama mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa kikamilifu. Mhitimu aliyeishia kwenye shahada na kuona usajili ni gharama ya bure hayamhusu. Kila mwezi nakutana na watu wenye miaka kumi kazini ambao hawajawahi kupeleka maombi ERB, kwa sababu mwajiri hakuwauliza.

Aliyesajiliwa akishaondoka, naye asiliache jina lake lianguke. Bodi za nje huomba barua ya kuthibitisha kwamba uko hai kwenye daftari na huna shauri la nidhamu, na huiomba moja kwa moja kutoka kwa ERB. Kijana aliyeacha kulipa ada ya mwaka tangu alipopanda ndege hukuta malimbikizo yakimngoja siku ileile anapoihitaji barua hiyo haraka. Kwa hiyo wanaoniaga mwezi huu nawapa orodha fupi kabla sijawaombea dua: lipa ada ya Bodi, chukua barua za wasimamizi zikiwa na tarehe na namba zao za usajili, chukua muhtasari wa masomo chuoni, linganisha majina kwenye hati zote. Hayo yakishakamilika, wakate tiketi.